Kusoma, kuandika na kuhesabu: maswali ambayo wazazi na walimu huuliza mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kwenye vikao vya wazazi, kwenye ofisi za walimu na kwenye simu za jioni. Majibu yametokana na kazi ya kufundisha madarasa ya chini katika shule za serikali Tanzania, pamoja na utafiti uliofanyika kwetu, Kenya na India. Pale nilipo na msimamo wangu, nimeusema wazi.

Watoto wamejaa shuleni. Mbona bado mnasema hawajifunzi?

Wamejaa kweli, na kuwafikisha pale ni kazi kubwa iliyofanywa na vizazi kadhaa. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote. Ada za shule za msingi zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukaleta elimu bila ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Wenzetu wa Kenya walifuta ada za msingi Januari 2003, na watoto wakamiminika madarasani wiki hiyo hiyo.

Shida inaanza mtoto akishakaa kwenye dawati. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi iliyoandikwa kwa ajili ya umri wao. Baada ya shule kufungwa wakati wa korona, makadirio ya 2022 yalipanda hadi watoto 7 kwa kila 10. Kusini mwa Sahara hali ni mbaya kuliko wastani huo.

Hayo yanajulikanaje? Mbona mitihani ya shule inaonyesha watoto wanafaulu?

Mtihani wa kuandika wenye majibu ya kuchagua hauwezi kukuambia kama mtoto anajua kusoma. Kuna anayekisia, kuna anayemchungulia jirani, na kuna aliyeshika mfumo wa maswali bila kuelewa hata sentensi moja.

Njia ya uhakika ni kumketisha mtoto mmoja mmoja umsikilize. Ndivyo ulivyofanya mpango wa Uwezo ulioanza 2009 chini ya shirika la Twaweza katika Tanzania, Kenya na Uganda, kwa kufuata mfano wa shirika la Pratham la India. Wahojaji walikwenda nyumba kwa nyumba, wala hawakuishia shuleni, kwa sababu nyumbani ndiko utamkuta mtoro, aliyeacha shule na yule ambaye hakuwahi kuandikishwa. Mtoto alipewa karatasi yenye hatua: silabi, maneno, aya, mwisho hadithi fupi. Yote ni ya kiwango cha darasa la pili. Matokeo ya miaka ya mwanzo yalishtua watu wengi, kwa kuwa wanafunzi wengi wa darasa la tatu walishindwa hadithi ile ya darasa la pili.

Kipimo hiki kinachukua dakika chache tu, na mwalimu yeyote anaweza kukifanya bila kusubiri kibali wala fungu la pesa.

Mwanangu anasoma kitabu chote bila kukosea. Si ndiyo kujua kusoma?

Pengine, lakini hakikisha. Watoto wetu wana kumbukumbu kali sana, na ufundishaji wa kuitikia kwa pamoja unaikuza kumbukumbu hiyo kuliko kitu kingine chochote. Nimekuwa na mwanafunzi wa darasa la pili aliyesoma ukurasa wa mbuzi kwa sauti nzuri, na vituo akavizingatia, huku kidole chake kikiwa juu ya picha. Nilipofunika mistari yote kwa karatasi nikabakiza neno moja tu, "majani", alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema "mbuzi".

Mjaribu hivi. Chukua kitu ambacho hajawahi kukiona: pakiti ya unga, tangazo la mkutano wa kijiji, kipande cha gazeti. Mwonyeshe neno moja katikati. Kisha umwandikie silabi zisizo katika mpangilio wa kuimba, kwa mfano *mu, ka, te, bo, shi*. Anayejua kusoma atazisoma. Aliyekariri wimbo wa *ba be bi bo bu* ataanza kuuimba kutoka mwanzo mpaka aifikie ile uliyomwonyesha.

Kwa nini mtoto anabaki nyuma namna hii mpaka darasa la nne bila mtu kugundua?

Sababu ziko nyingi, ila moja nadhani imepuuzwa kuliko zote: muhtasari wa somo una kasi yake na mwalimu anakaguliwa kwa kuumaliza. Mkaguzi anaangalia andalio la somo na azimio la kazi. Hakuna anayemuuliza mwalimu ni watoto wangapi wameelewa silabi za wiki iliyopita. Basi mwalimu anaendelea na mada inayofuata, na aliyekosa ya Februari anaachwa hapo, kisha anapanda darasa akiwa bado na pengo lile lile. Darasa la tatu linadhani kusoma kulimalizwa huko chini. Darasa la nne ni la upimaji wa kitaifa. Hakuna tena kipindi chochote kwenye ratiba cha kumfundisha mtoto silabi.

Ongeza wingi wa watoto. Kiwango kinachotajwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini anayefundisha darasa la kwanza kijijini anajua mikondo ya watoto 100 na zaidi ilivyo. Ukiwasikiliza kwa dakika moja moja tu, dakika 100 zimekwisha na hujafundisha lolote.

Kuna pia suala la nani anapangiwa darasa lipi. Katika shule nyingi walimu hodari hupelekwa darasa la saba kwa sababu ndilo linaloitangazia shule jina, na darasa la kwanza anapewa aliyebaki. Msimamo wangu ni kwamba mgawo huo ugeuzwe. Mwalimu bora wa shule akae darasa la kwanza na la pili, awe na chumba chenye madawati, na asihamishwe katikati ya mwaka.

"Kufundisha kwa kiwango cha mtoto" maana yake nini hasa?

Ni kumfundisha mtoto kuanzia pale alipo, hata kama amevaa sare ya darasa la tano. Pratham, shirika lililoanzia Mumbai katikati ya miaka ya 1990, ndilo lililoijenga njia hii, na baadaye ikaingia Zambia, Botswana na nchi nyingine za Afrika.

Kwa vitendo inakwenda hivi. Mnawapima watoto wote wa darasa la tatu hadi la tano, mmoja mmoja, kwa ile karatasi ya hatua. Kisha kwa saa moja kila siku mnasahau madarasa yao mnawapanga kwa makundi: wasiojua silabi, wanaojua silabi tu, wanaosoma maneno, wanaosoma aya. Kila mwalimu anachukua kundi moja. Kundi la silabi linakaa chini, kadi zinamwagwa katikati, watoto wanashindana kuunda maneno: *ku* na *ku* inatoka kuku, ongeza *ta* upate kukuta. Kundi la aya wanasoma hadithi, wanaibishania, wanaandika mwisho wao wenyewe. Baada ya wiki chache mnapima tena, na aliyepanda anahama kundi. Watoto huipenda saa hiyo, hasa wale waliozoea kukaa nyuma kimya.

Kwenye hesabu ni vivyo hivyo. Mpe mtoto wa darasa la nne 52 kutoa 27. Wengi watakuandikia 35, kwa sababu wanatoa namba ndogo kwenye kubwa popote ilipo: 7 kutoa 2 ni 5, 5 kutoa 2 ni 3. Kosa hilo linaonyesha kwamba hajui kuwa ile 5 ni makumi. Kumpa maswali 20 ya kutoa kutamzoesha kukosea tu. Mpe vijiti vilivyofungwa kumi kumi, aone mwenyewe kwamba ili atoe 7 lazima afungue fungu moja.

Je, imethibitika kwamba inafanya kazi?

Ni miongoni mwa njia zilizopimwa kwa makini zaidi, na matokeo yake yanafundisha hata pale iliposhindwa. Katika baadhi ya majimbo ya India walimu walipewa mafunzo na vifaa, lakini hawakutengewa muda maalumu. Walirudi kwenye muhtasari wa kawaida, na kusoma hakukubadilika. Katika jimbo la Haryana ilitengwa saa maalumu kila siku na wasimamizi wakafuatilia, na kusoma kukapanda. Kwa hiyo shule inayotaka kuanza, ianze na ratiba.

Magharibi mwa Kenya watafiti walizifuatilia shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo mikondo miwili iligawanywa kwa uwezo wa watoto, na katika nusu nyingine iligawanywa bila kujali uwezo. Pale ilipogawanywa kwa uwezo watoto wote walifaidika, wa chini pamoja na wa juu, kwa kuwa mwalimu wa mkondo wa chini aliweza kufundisha anachohitaji mtoto aliye mbele yake. Nasisitiza kitu kimoja hapa: makundi haya lazima yafunguke. Mtoto akigandishwa kwenye kundi la chini mwaka mzima, na kundi likaitwa la "wazito", umemwongezea mzigo.

Serikali ikileta vitabu na ruzuku, si tatizo litakwisha?

Vitabu na ruzuku ni lazima viwepo. Lakini vyenyewe peke yake havitoshi, na ushahidi wa jambo hili umetoka hapa hapa kwetu.

Watafiti waligawa vitabu vya kiada katika shule za magharibi mwa Kenya. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri, basi. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu, hivyo mtoto wa kawaida alipewa kitabu asichoweza kukisoma.

Tanzania tuna jaribio la KiuFunza la 2013 na 2014, lililohusisha shule 350 katika wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili walimu wake waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto wa madarasa ya chini atakayefaulu kipimo cha kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua kiwango cha watoto. Bakshishi peke yake ilisaidia kidogo. Vyote viwili kwa pamoja ndivyo vilivyoleta mabadiliko ya kueleweka, kuliko ukijumlisha athari ya kila kimoja. Mwalimu mwenye vifaa na mwenye sababu ya kumfuatilia kila mtoto anakwenda mbali. Simaanishi kwamba kila shule igawe bakshishi. Ninachokiona pale ni kwamba mtu fulani alimwambia mwalimu: tutakuja kumsikiliza kila mtoto wako akisoma, na tutaithamini kazi yako. Hilo linaweza kufanywa kwa njia nyingi.

Kenya wamefanya nini ambacho tunaweza kukiiga?

Mpango wao wa Tusome ulienea nchi nzima kuanzia 2015, baada ya kujaribiwa kwanza kwa miaka kadhaa. Kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipata kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mwalimu alipata kiongozi cha mwalimu kinachomwonyesha somo la kila siku hatua kwa hatua. Maofisa wa elimu wa ngazi ya chini walipewa tabuleti, wakawa wanaingia darasani, wanakaa, wanamsikiliza mwalimu na watoto kadhaa wakisoma, kisha wanazungumza na mwalimu palepale juu ya alichofanya vizuri na cha kurekebisha.

Mimi hicho cha mwisho ndicho ningekichukua kwanza. Afisa elimu kata wetu anafika shuleni mara nyingi, lakini muda wake unaishia kwenye takwimu, vyoo na mahudhurio. Akitumia dakika 40 ndani ya darasa la pili, atajua kuhusu shule ile mambo ambayo hakuna fomu inayoyauliza.

Tabuleti zinaweza kuchukua nafasi ya mwalimu?

Hapana, ingawa zinaweza kusaidia sana mahali ambapo mwalimu hayupo. Mkoani Tanga kulifanyika shindano la kimataifa lililomalizika 2019, ambapo watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 walipewa tabuleti zenye programu za Kiswahili za kujifundishia. Wengi wao hawakuwa na shule. Walijifunza kusoma kiasi fulani, na programu mbili zikagawana zawadi ya ushindi. Ni habari njema. Lakini tabuleti ilihitaji umeme wa jua, mtu wa kuitunza na mtu wa kuibadilisha ikiharibika. Kwa shule yenye fungu dogo, naona kadi za silabi na vitabu vya hadithi vinatangulia.

Nyumbani tunaongea Kisukuma. Kiswahili cha shule kinamchanganya mtoto?

Kinamchelewesha asipopata daraja la kuvukia. Mtoto anayesikia Kiswahili kwa mara ya kwanza darasani ana kazi mbili kwa wakati mmoja, kujifunza lugha na kujifunza maandishi. Uganda walianza 2007 kufundisha madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha za maeneo, na sera ya Kenya nayo inatambua lugha ya eneo katika madarasa ya chini. Kwetu lugha ya kufundishia ni Kiswahili, lakini mwalimu anayejua lugha ya watoto wake aitumie kueleza, asione haya. Mwalimu asiyeijua aanze na mazungumzo, picha, nyimbo na michezo kabla ya kukimbilia maandishi. Darasa la awali lingetumika kwa kazi hiyo tungeokoa wengi.

Nyumbani endeleeni kuongea Kisukuma. Mpigie hadithi nyingi. Msamiati na uwezo wa kufuatilia kisa anavipeleka shuleni pamoja naye.

Chakula na afya vina uzito gani?

Mkubwa. Mtoto aliyetembea kilomita kadhaa na hajala tangu jana hawezi kufuatilia somo saa 5 asubuhi. Utafiti maarufu wa Edward Miguel na Michael Kremer kule Busia, Kenya, ulionyesha kuwa dawa za minyoo zilipunguza utoro kwa takriban robo. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Mtoto alifika darasani, na darasa lilikuwa lile lile. Uji na dawa za minyoo viendane na kufundisha vizuri.

Mtoto mzito asipochapwa atajifunza?

Atajifunza vizuri zaidi. Mtoto anayeogopa fimbo haulizi, hajaribu neno asilolijua, na akiweza atakaa nyumbani. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni 2001. Tanzania kanuni bado zinaviruhusu, lakini kwa masharti: mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kumchapa mtoto kwa sababu ameshindwa kusoma *nyumba* hakumo humo. Ameshindwa kwa sababu hajafundishwa *nyu* akaelewa.

Mimi sikusoma. Nitamsaidiaje mwanangu?

Unaweza mengi. Kila jioni mwambie akusomee, kidole kikipita chini ya maneno, kisha akueleze kilichotokea. Akisoma bila kuweza kueleza, umegundua tatizo. Fungua daftari lake uangalie: kurasa zimeandikwa siku ngapi wiki hii? Kuna alama za vema tupu, au mwalimu amemrekebisha? Mtume dukani na umwache yeye apige hesabu: umempa 2,000, sukari ni 1,400, arudi na ngapi? Na umwombe mwalimu amwazime kitabu cha hadithi siku za Ijumaa.

Nimpeleke tuisheni?

Ikiwa tuisheni ni marudio ya somo lile lile asilolielewa, unapoteza pesa. Muulize anayefundisha: utampima kwanza? Utaanzia wapi? Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine, au kijana wa sekondari mwenye subira hapo mtaani.

Akirudia darasa itamsaidia?

Mara chache. Atafundishwa vile vile kwa mara ya pili, na wenzake wamekwenda. Afadhali apande akiwa na saa yake ya kila siku ya kiwango chake.

Nitajuaje kama ni macho au masikio?

Angalia kama anasogeza daftari karibu sana na uso, anakunja macho kuangalia ubaoni, au anakuuliza "eeh?" kila mara. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, na umpeleke akapimwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Fanya hivi kabla hujamwita mvivu.

Ana miaka 12 na hajawahi kuandikishwa. Amechelewa?

Hajachelewa. Uliza shule iliyo karibu kuhusu MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Ukiambiwa hapo haupo, nenda kwa afisa elimu kata akuelekeze. Watoto wakubwa hushika kusoma haraka wakianza kufundishwa.

Kwenye kikao cha kamati ya shule tuulize nini?

Kwa kawaida kikao kinaishia kwenye matundu ya vyoo na michango. Ongezeni haya. Nani anafundisha darasa la kwanza, na ana watoto wangapi? Kati ya watoto wa darasa la tatu, wangapi wanasoma aya bila msaada? Vitabu vya hadithi viko mikononi mwa watoto au vimefungiwa kabatini? Ni saa ipi katika wiki inayotumika kwa waliobaki nyuma? Mkijibiwa kwamba watoto hawajapimwa, ombeni tarehe ya kuwapima, wajumbe wawili wajitolee kusaidia, na yote yaandikwe kwenye muhtasari kabla kikao hakijafungwa.